Nimekuja Kusalimia

Kulikuwa na neno moja ambalo mama yangu hakulitaka kabisa ndani ya nyumba yake ya Wawi, kisiwani Pemba, na wala si tusi. Matusi aliyavumilia, na mengine akiyatoa mwenyewe, hasa kwa kuku wa jirani. Neno lenyewe ni "moja kwa moja", likitoka kinywani mwa mtu anayesafiri. Kwetu mtu akiondoka husema "naja", hata kama anakwenda mwisho wa dunia. Akirudi, hata awe kabeba kitanda, jiko na mtungi wa gesi, husema "nimekuja kusalimia". Anayekwenda moja kwa moja ni maiti peke yake. Ndivyo mama alivyolelewa na ndivyo alivyonilea.

Mimi nilisema "naja" nikiwa bado msichana, na ndoa moja iliyokufa mgongoni, nikaenda kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee katika nchi moja ya baridi huko Ulaya. Nimefanya kazi hiyo mpaka nywele zangu zikaanza kuwa nyeupe. Nikiwaamsha wazee wa watu, nikiwaogesha, nikiwavisha soksi, nikiwakata kucha. Kucha za mama za watu nimezikata nyingi, na kila nilipomshika bibi mmoja kidole nilijiuliza nani anamkata kucha wangu. Nikija nyumbani kwa likizo, kitu cha kwanza kabla sijafungua begi ni kumwita mama akae, nikamkata kucha za mikono na miguu huku akinitukania mkasi wangu kuwa butu.

Kila mwezi, kabla mshahara haujafika mkononi, kipande kilikatwa kikaenda kwenye mfuko wa uzeeni. Wenzangu kazini waliuzungumza mfuko huo kama watu wa kwetu wanavyozungumza mikarafuu: una kiasi gani, utaanza kuvuna lini, usiikate kabla haijazaa. Mimi niliwasikiliza tu. Nilikuwa na hesabu yangu. Sikutaka nyumba ya ghorofa wala duka mjini Madungu. Nilitaka nirudi Wawi mama akiwa hai, fedha ile itulishe sote wawili, na asiwepo mtu wa kuniambia likizo yako imekwisha.

Binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, ndiye aliyekuwa akiishi na mama. Siku moja akanipigia simu kunong'ona kwamba mama kaanguka chooni, kakataza nisiambiwe, na sasa anatembea kwa kushika ukuta. Siku hiyo hiyo nikaamua. Nilipompigia mama mwenyewe nilikuwa na furaha hata nikajisahau.

"Mama, narudi."

"Waja kusalimia?"

"Si kusalimia. Narudi moja kwa..."

"Koma!" Alinikata kwa sauti ya mtu ambaye hajaanguka popote. "Wasemani weye? Ntu husema hivyo? Sema waja kusalimia."

"Nakuja kusalimia, mama."

"Haya. Karibu."

Nikacheka peke yangu pale jikoni. Nilikuwa mtu mzima mwenye funguo za dawa za wazee ishirini na zaidi, na bado neno la mama lilinirudisha nikawa wa kufunzwa.

Nchi ile mtu hahami tu akafunga mlango. Huenda ofisini kwao akaandikisha kwamba anaondoka. Bibi aliyekuwa nyuma ya kioo aliniuliza swali moja kwa upole: unahama nchi, au unasafiri? Nikahisi kama mama yuko nyuma yangu na mkono kiunoni. Nikasema nakwenda kumuona mama yangu mzee. Akauliza kwa muda gani. Nikamwambia Mungu akijaalia nitarudi. Akaniandika kama msafiri, anwani yangu ikabaki kwa rafiki yangu mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja, nikatoka pale moyo mweupe. Sikuona kama nimesema uongo. Nilikuwa nimesema "naja" kwa lugha yao.

Wiki niliyofika, mama alijikongoja ubavuni mwangu mpaka kwa sheha, maana adabu ni kwenda kujionesha. Sheha ndiye anayejua nani analala wapi katika shehia yake, na barua yake ndiyo mwanzo wa kila karatasi ya serikali. Akatukaribisha, tukaulizana hali za watu wote mpaka mbuzi, kisha akanigeukia. "Enhe. Umekuja kutusalimia au umehamia?"

Sijafumbua mdomo, mama kajibu. "Kaja kusalimia."

Sheha akacheka, kwa sababu analijua jibu hilo na analisikia kila siku. Akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakuandika kitu. Tukanywa kahawa yake tukarudi.

Basi nikaishi na mama. Hiki ndicho kipande cha maisha yangu ninachokirudia nikiwa sina usingizi, na hakina chochote cha kuhadithia. Asubuhi alikuja mchuuzi na baskeli, samaki wake wametoka Tumbe, naye mama akimwambia kila siku kwamba samaki hao wamekufa kabla yeye hajazaliwa. Tuligombana kwa chumvi. Tuligombana kwa redio. Kiwanja cha ndege hakiko mbali na kwetu, na kindege kikipita juu mama alinyanyua kichwa, akanitazama mimi, akarudi kwenye mchele wake. Miaka yote niliyokuwa mbali, binamu aliniambia, alikuwa akitoka mpaka uani kukitazama. Sasa hakuwa na haja. Kila Ijumaa nilimkata kucha.

Tulikuwa tukila akiba ndogo niliyokuja nayo mkononi. Ilipoanza kuonesha mifupa, na mabati ya nyumba yakaanza kuingiza mvua juu ya kitanda chake, nikawaandikia watu wa mfuko wanipe changu chote. Umri wangu wa kustaafu ulikuwa bado, lakini mama hakuwa mtu wa kuungoja umri wangu. Nikatengeneza paa kwa mkopo wa maneno, nikasubiri.

Fedha ilipoingia ilikuwa chini ya nusu. Nikadhani ni fungu la kwanza. Nikangoja la pili. Halikuja. Nikapiga simu, nikamuelezea bwana mmoja ambaye sauti yake ilikuwa ya upole sana, na mimi nimefanya kazi na wauguzi, naijua sauti ya upole inamaanisha nini. Akasema hakuna fungu la pili. Iliyobaki imekwenda kwenye kodi.

"Kodi ya wapi? Mimi sipo huko."

"Kwa kumbukumbu zetu, wewe unaishi hapa."

Nikatazama uani. Mama alikuwa amesimama juani na fagio la chelewa, anamfukuza kuku wa jirani kwenye kitanga cha muhogo. "Niko Pemba," nikamwambia. "Nipo na mama yangu."

Alinielewa, na alinieleza vizuri kuliko nilivyotaka kuelewa. Mwenye kuishi kwao akatoa akiba yake kabla ya umri, sheria yao inamkata hivyo, zaidi ya nusu. Aliyehama hesabu yake ni nyingine, kwa sababu kuna mapatano baina ya nchi na nchi ili mtu atozwe kule anakoishi. Ningekuwa nimeandikishwa kuwa nimehama, wangeniachia, nami ningekwenda kutozwa kwetu, kwa kiasi cha kwetu. Njia iliyobaki ni moja: nilete cheti cha ofisi ya kodi ya nchi yangu kwamba siku ile fedha inatoka, mimi nilikuwa mkaazi wa huku.

Nikaenda mjini Chake, ofisi ya kodi, nikiwa na matumaini. Mkaazi wa huku? Muulize kuku. Ofisini nilimkuta bwana mmoja wa rika langu, miwani yake imefungwa kamba, akaniita dada, akanisikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa. Akasema cheti kipo na si kigumu. Nipate namba ya mlipakodi, na kabla ya namba nilete barua ya sheha inayosema naishi Wawi tangu lini. Nikarudi Wawi karibu nikikimbia.

Sheha akavaa kofia yake, akatoa kalamu. "Nakuandikia kwa moyo mmoja," akasema. "Tangu leo."

"Leo? Sheha, si umeniona hapa mwaka mzima?"

"Nimekuona. Na nilikuuliza, mbele ya mama yako. Mkanambia umekuja kusalimia." Akaweka kalamu chini. Aliona uso wangu, na yeye si mtu mbaya. "Siwezi kuandika tarehe ya nyuma, binti yangu. Hiyo ni amana. Mficha uchi hazai, na sote kuno tunauficha, tunajiona tumeuhadaa msiba."

Nilitoka pale nikakaa kwenye jiwe barabarani. Kule nilikokuwa sipo, nilikuwa nipo. Huku nilikokuwa nipo, sikuwa nipo. Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu, lakini wanamsema aliyekosa mkutano wa shughuli, si mtu aliyepoteza jasho la ujana wake. Nilitafuta wa kumchukia. Bwana wa simu alikuwa sahihi. Wa miwani alikuwa sahihi, na sheha alikuwa sahihi kuliko wote. Hakuna uchungu mbaya kama kudhulumika na usione dhalimu.

Basi nikaenda nikamchukia mama. Najua ni neno zito lakini ndilo. Niliingia jikoni nikaanza kuosha sahani kwa kishindo.

"Wafanyani na hizo sahani? Zimekukosani?"

Nikamwambia. Sikumpunguzia. Nilimwambia yote, ya bibi wa kioo na ya bwana wa simu na ya sheha, na mama aliyekuwa na jibu kwa kila kiumbe akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, mikono mapajani, ananisikiliza.

"Kwa neno langu mie?" akauliza.

Hasira yote ikanitoka, nikawa mtupu. Nikapiga magoti nikamwambia hapana mama, ni sheria za watu, wewe hukujua, mimi ndiye niliyekaa nao na sikujua. Akanitazama kama anavyomtazama mchuuzi wa samaki. Hakuniamini. "Hebu uzeni ile mikarafuu yangu," akasema. Ilikuwa michache, mizee, haijaona mchumaji misimu kadhaa. Nikamwambia ile hatuiuzi. Siku hiyo hakumfukuza kuku.

Kilichobaki baada ya kulipa paa hakikutosha kutulisha watu wawili mpaka mwisho wa mmoja wetu, na dawa za mama za presha, na binamu naye ana watoto. Nilizunguka na hesabu ile kila upande, jibu likawa moja. Msimamizi wangu wa zamani aliniambia nafasi yangu ipo, waja lini? Na mlango wa nchi ile ulikuwa wazi kwangu, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Sikuwa nimehama. Kosa lililoninyang'anya fedha ndilo lililoniachia ufunguo wa kurudi kuitafuta. Nikajiambia baridi mbili tu, halafu narudi, na safari hii nitaandika kila kitu mahali pake.

Asubuhi ya safari mama hakutoka uani. Nilimkuta amekaa kitandani, chini ya mabati mapya, kanga yake safi, mikono ameinyoosha mbele. Nikaelewa. Nikatoa mkasi nikamkata kucha, kidole kimoja kimoja, naye hakusema kuwa ni butu. Nilipomaliza alinishika viganja.

"Leo usinambie naja," akasema. "Nipe buriani."

Buriani si kwaheri. Huombwa na mtu asiyetarajia kuonana tena, ili mmoja amsamehe mwenziwe, kila mtu ashike njia yake mwepesi. "Mama, wewe ndiye wa kusema hivyo? Wewe, uliyenikataza?"

"Mie nilikosea. Nilidhani neno lisiposemwa, jambo haliwi. Nshakutia hasarani kwa hilo. Sasa nataka tuliseme." Alisema taratibu kama anayenifundisha kupika. "Nambie umenisamehe, mie n'kwambie nimekusamehe. Basi."

Nje gari ya kunipeleka ilikuwa inanguruma. Nilichoona mbele yangu ni kwamba nikilitoa neno lile, nimemzika kwa mkono wangu. Mimi, niliyekuwa nikicheka jikoni kwa watu, niliyejua presha ni nini na mapigo ya moyo yanapimwaje, niliogopa neno. Nikamkumbatia nikasema, "Naja, mama. Naja tu."

Kisha akanipiga mgongoni mara mbili, kama anavyopiga unga uliokwisha kuumuka. "Haya," akasema. "Waja."

Kindege kiliponyanyuka niliona paa letu, jipya, linang'aa kuliko la msikiti, na uani sikuona mtu.

Baridi ya kwanza sikuimaliza. Tulikuwa tukizungumza kwa simu karibu kila siku, naye hakuniuliza hata mara moja nakuja lini, jambo ambalo lingenishtua kama nisingekuwa nimechoka. Adhuhuri moja nilikuwa nimepiga magoti nikimkausha miguu bibi mmoja, mama wa mtu, simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa binamu. Alilia tu. Nikamaliza kumkausha yule bibi mguu wa pili, nikamvisha soksi, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Kwetu maiti hakawizwi. Alizikwa alasiri hiyo hiyo, na mimi nikiwa bado natafuta tiketi.

Nilifika hitma ya siku ya tatu imeshasomwa, sufuria zimerudishwa kwa wenyewe. Binamu alinikalisha kitandani kwa mama. Akasema mama alimuachia maneno.

"Alinambia, akija ntoto mwambie mie nshansamehe, na yeye anisamehe. Nikamwambia mama mkubwa, si umwambie mwenyewe, simu hino hapa. Akasema simu haina uso, na yeye hataki kusikia naja."

Nililia kilio ambacho sikukijua kuwa kimo ndani yangu. Nililia kwa sauti, mpaka watu wa jirani wakaja, na yule jirani wa kuku akaja, akanishika kichwa. Nilikuwa nikisema nimekusamehe mama, nimekusamehe, na hakuna hata mmoja aliyejua nimesamehe nini. Ningetoa fedha ile yote, iliyobaki na iliyochukuliwa, nirudi pale kitandani na mkasi wangu butu.

Sikurudi Ulaya. Safari hii niliwaandikia yule bibi wa kioo na wenziwe kama wanavyotaka. Kile chini ya nusu, kisichotosha watu wawili, kinanitosha mimi peke yangu. Mtu mmoja hali kitu. Mchuuzi wa Tumbe akipita namnunulia samaki wawili wadogo, na hakuna anayemtukana, naye nadhani anasikitika.

Wiki ya pili baada ya msiba nilikwenda kwa sheha. Ilikuwa lazima, kwa barua, kwa namba, kwa kuwa mtu wa mahali. Alinikaribisha, akanipa mkono wa tanzia mara nyingine, tukaulizana hali. Akatoa kalamu, na kwa mazoea yake, au kwa sababu ndiyo kazi yake, akauliza kwa sauti ya chini:

"Umekuja kutusalimia, au umehamia?"

"Nimehamia," nikasema. "Moja kwa moja."

Nikainamisha shingo, nikangoja nikemewe. Sheha akaandika tarehe.